Barua Ambazo Sikumpa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema ni suala la wiki chache. Alimwambia mdogo wangu wa kike pale mlangoni, kwa sauti ya chini – masikio yangu bado mazima. Sikuhisi kitu. Nilikuwa nasoma karatasi ya maelezo ya dawa. Sentensi moja imerudiwa mara mbili, nikaikata kwa kalamu nyekundu, kalamu pekee iliyobaki humu ndani. Mdogo wangu akaniona. Akasema hata mauti yakija nitayarudisha yakasahihishwe kwanza. Tukacheka. Kisha nikakohoa mpaka akanishika mgongo.

Katoni iko chini ya kitanda. Kila wiki yeye hufagia akiizunguka.

Jumanne, 5 Machi

Niandike wakati mkono ungali unatii.

Mdogo wangu alitoa riwaya mbili za vijana. Mbili tu. Ya kwanza, ile ya msichana fundi redio, ilitoka akiwa na miaka ishirini na mitatu. Mhariri wake nilikuwa mimi. Ofisini walinong'ona kwamba nachapisha damu yangu. Basi nikamkazia kuliko waandishi wote.

Barua za wasomaji zilipita mezani kwangu kwanza, ndio utaratibu wa kazi. Zenye lawama nilimpa. Zenye sifa niliziweka katonini. Nilidhani sifa zitamlewesha. Nilipanga nimpe zote siku atakayomaliza riwaya ya tatu.

Mwalimu mmoja aliandika kwamba kitabu kinawafundisha wasichana kiburi. Hiyo nilimpa siku ileile, nimeipigia mistari.

"Imekuja hii tu?" akaniuliza.

"Hii tu."

Ya tatu hakuimaliza. Alipata kazi posta, akakaa huko miaka thelathini na mmoja akichambua barua za watu wengine.

Jumatano, 6 Machi

Usingizi mchana kutwa. Vijiko vitatu vya supu.

Jana sikusema yote. Mimi pia niliwahi kutoa riwaya, miaka minne kabla yake. Haikuletewa barua hata moja.

Basi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia aivute katoni. Alidhani ni mashuka, akalalamika kwamba nafuga vumbi. Nikamweleza. Nilieleza kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya ofisi – nilishindwa kupata sauti nyingine. Alifuta miwani kwa pindo la gauni, akaivaa, akaivua, akaifuta tena.

Barua mia mbili na kumi na moja. Hakuanza kusoma. Aliangalia mihuri kwanza, mazoea ya posta, akazipanga mezani kwa tarehe. Ndipo akafungua moja, akanisomea. Ni ya msichana wa darasa la saba. Anauliza kama fundi redio alirudi shule baadaye. Yeye mwenyewe shangazi yake anataka aache shule, naye amemwomba shangazi asubiri mpaka mwandishi ajibu. Ndani ameweka stempu ya jibu, imefungwa kwenye kipande cha karatasi isipotee.

"Kaka, huyu alijibiwa?"

Nikasema hapana.

"Na huyu?"

Hapana.

Kwa ya tatu hakuuliza. Amekaa, amenipa mgongo, anasoma. Nilijiandaa kwa matusi. Matusi ningejua pa kuyaweka. Badala yake nasikia karatasi zikifunguliwa, zikikunjwa, zikirudishwa kwenye bahasha. Mara moja amecheka – si kwa ajili yangu, ni kwa kitu mtoto fulani alichoandika. Hakunisomea.

Saa ya dawa imepita. Chupa iko karibu na kiwiko chake. Sijamkumbusha.

Ile barua ya msichana ameirudisha mbele yake. Kando ameweka karatasi nyeupe. Anapapasa meza, anafungua droo, anaifunga. Sasa amenyoosha mkono kuelekea kitandani, bila kugeuka. Anaomba kalamu.

Humu ndani iko moja, hii nyekundu ninayoandik–