Viatu vya Bosire

Manga, Jumatano

Kwako kaka Ogari,

Nimeshindwa kukupigia, ndiyo maana naandika. Mvua imerudi na chai inachumwa. Ng'ombe amezaa, tena ndama dume.

Uliuliza kama mdogo wetu alishinda mashindano ya baiskeli. Mpaka juu kileleni Bosire aliongoza, vijana wa mjini aliwaacha wakihema. Unajua vile alizoea kushusha ndizi hadi Nyakoe kwa baiskeli isiyo na breki. Akitaka kusimama, alikanyaga tairi la nyuma kwa akala, zile ndara zake za mpira wa gari. Siku hiyo waandaaji walimwazima baiskeli yenye breki nzuri mkononi, ila akala wakazikataa. Akavaa viatu ulivyomtumia kupitia kwangu.

Kwenye mteremko alishtuka, akakanyaga tairi kama kawaida yake. Kiatu kikateleza, mguu ukaingia kwenye spoku za gurudumu, akarushwa kwenye mawe. Hakuamka.

Tunamzika Ijumaa asubuhi, kabla Sabato haijaingia.

Mama anauliza kila anayekuja kutupa pole ni nani alimpa mwanawe viatu vile. Mimi nimenyamaza. Ukimpigia, nawe nyamaza.

Dada yako,
Nyakerario