Barua ya Uhamisho ya Zuhura

Alhamisi jioni

Kumbe hakuipeleka. Nesi Zuhura, ambaye niliamini angetuacha kabla ya masika, leo ameichana barua yake ya kuomba uhamisho na kuifungia maandazi.

"Matroni, tangu ubandike zamu za mwezi mzima ukutani, nimepalilia karoti zangu, na harusini kwa mdogo wangu kule Mazinde nitacheza! Zamani nilikuwa naambiwa jioni kwamba kesho niko zamu."

"Kwa hiyo si mshahara?"

"Mshahara nao uongezwe, sijakataa!"

Tulicheka hadi wagonjwa wakachungulia.

Mwaka mzima nimewaandikia wakubwa kuhusu posho na nyumba, nikiamini ndizo zinazowakimbiza manesi. Pengine bado sijakosea. Nesi mmoja si ushahidi. Hata hivyo, zamu za mwezi ujao nimeshazipanga, na siku ya harusi nimejiandika mimi badala yake.