Mchimbaji wa Kitabuni

Mama Nkwabi, mke wangu, bado nipo, ingawa vumbi la Geita nalila kuliko ugali.

Jana alikuja mzungu aliyechora picha za kile kitabu kinachomfanya mwanetu atake kuacha shule aje kuchimba. Kumbe michoro yake imepata medali Ulaya! Akatuonyesha: mchimbaji anashuka shimoni kwa ngazi nzuri, anacheka, ameshika dhahabu kubwa kama kiazi. Sisi tunashuka kwa kamba.

Masanja, mwenzangu wa shimoni, akamwambia, "Bwana mkubwa, medali baki nayo. Hiyo ngazi tuletee."

Mzungu akacheka, akatupiga picha.

Nimewakumbuka sana, niwekee michembe ya viazi vitamu. Nkwabi abaki shuleni. Mwambie dhahabu pekee ambayo baba yake ameiona huku ni hiyo ya kuchorwa.

Baba Nkwabi