Saa Moja Hadi Mandera

Wanjiru wangu, habari ya Wajir na joto lake? Sisi hapa Kimbo tuko wazima. Mama yako amefungua duka kule Witeithie.

Umeniuliza Wajir hadi Mandera kwa ndege ni muda gani, maana umepata kazi huko na wenzako wamekwambia si ya msichana. Ni kama saa moja. Mimi nilitumia siku tatu.

Nilikuwa mkunga mpya, nimepangiwa Mandera. Tukiwa uwanja wa ndege wa Wajir, mkubwa wangu wa kazi alimpa rafiki yake kiti changu. "Wewe rudi kwenu Thika," akaniambia. "Huku hutaweza."

Sikulia mbele yake. Nilibeba sanduku langu nikapanda lori la mchele. Ya njiani sitakuchosha nayo. Nilipofika nilikuta mama mmoja ana uchungu tangu jana yake. Nilinawa mikono, nikamzalisha kabla sijaketi.

Mwezi uliofuata yule mkubwa alikuja kukagua. "Nani alikuruhusu kuja?" akauliza.

"Hakuna," nikamjibu, nikaendelea na kazi.

Nilikaa Mandera miaka sita, na hakuna aliyethubutu kunirudisha. Amua mwenyewe, mama.

Cucu wako, nyanya yako anayekupenda.