Hatua Zako, Mwanaidi, na Uwanja wa Pete

Uwanja wa kurushia pete wa hapa Kibiti unapewa jina lako, Mwanaidi. Lako, si la diwani.

Sasa ndiyo nikusalimu. Asalaam aleikum, mwanangu. Mimi mzima, ila goti.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe hadi barazani. "Bi Siwema, mchezo huu umefika mbali kwa ajili ya mwanao. Atakuja siku ya kuuzindua uwanja?" Nikamwambia umeshakubali. Na sikuwa nimekuuliza. Mama yako unamjua.

Unaikumbuka siku ile una miaka minane? Wanaume wanarusha pete zao za nondo kwenye kigingi cha mkoko, na anayepima umbali kwa hatua ni mjomba wako Saidi, miguu yake mirefu kama ngazi. Zako zikawa zinaanguka njiani. Ukasimama mbele yake. "Mjomba, apime mwenye hatua fupi, ndipo sote tufike."

Wakacheka. Mjomba akasema, "Haya bibi mdogo, pima wewe, tuone utasingizia nini."

Ukapima hatua kumi na mbili, ukavisha kigingi mara tatu mfululizo. Mimi nilikuwa nauza vitumbua pembeni. Nikawatangazia hata wasionunua kwamba huyo nimemzaa mimi. Tangu hapo mwenye hatua fupi ndiye anayepima, na sasa hata vijiji vya Umwe na Ngorongo wanafuata hivyo, wengine hawajui ilianzia kwa nani. Nawaambia.

Wewe ndiye uliyesuka pete za kamba kwa wazee ambao chuma kinawalemea. Wewe ndiye uliyesimamisha kigingi pale bandarini Nyamisati, ulipoolewa Mafia ukawa unavuka, na leo abiria wanaitwa kupanda boti mara tatu hawasikii. Nikienda zahanati nikisema mimi ndiye mama wa Mwanaidi wa pete, napishwa kwenye benchi. Wakati mwingine nasema hata sijaulizwa.

Lakini Kibiti hujarusha tena, na sababu ni mimi.

Wakwe walikuja na posa, wakakukuta uwanjani. Nikaona haya. Nikakukamata mkono uleule wa kurushia, watu wote wanatazama, nikasema, "Mkono huu ni wa kusonga ugali." Ukaiachia pete ikaanguka mchangani, hukuiokota. Na wakwe wenyewe, baba mkwe wako alikuja kuniambia baadaye, walikuwa wamesimama pale wakikushangilia kimoyomoyo.

Kila Idi unakuja, unanibusu, unaniletea khanga, halafu ukienda dukani unazunguka nyuma ya msikiti usipite uwanjani. Nilikuwa najidai sioni. Naona, mwanangu. Hiyo khanga naivaa na moyo unanisuta.

Nilikosea. Mkono ule ulikuwa na kazi yake, nami sikuijua. Naweza kukuambia haya kwa simu, tukalia kidogo, yakaisha. Lakini nilikuaibisha mbele za watu, na radhi naiomba mbele za watu. Kwa hiyo barua hii kabla ya kukufikia imebandikwa kwenye ubao wa matangazo ya kijiji. Haya nayaongezea chini, ikiwa imeshabandikwa: herufi zangu za darasa la nne zinapanda mlima, lakini wanazisoma. Mjomba wako kaisoma mara mbili, akaniambia miguu yake si mirefu kiasi hicho. Sentensi hiyo sikuifuta.

Ukiwa bado una kinyongo, njoo nacho hivyohivyo, ukae nami pembeni, usirushe. Sitakushika mkono.

Ila ujue hatua nitapima mimi. Goti hili limenifupisha, Kibiti nzima hakuna mwenye hatua ndogo kama zangu, na sheria ni yako mwenyewe. Kigingi kitakuwa karibu sana, mwanangu, kila mtu atafika. Tunawangoja wote, wa Mafia na wa huku, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, asubuhi, jua halijawa kali.

Mimi mama yako, mama wa mwenye uwanja.