Siku Niliyogeuka Ukuta Mbele ya Mkwe

Nabwire binti yangu,

Koma kuwaambia watu huko Nairobi kwamba mumeo Wandera amerogwa kwa ajili ya dhahabu anayochimba Tiira. Uliona nini hata ukajua? Ulifunga mzigo ukaondoka, na mimi mama mkwe wake ndiye nimebaki naye hapa Bulumbi. Unajua desturi yetu: sili naye, sigusi kitanda chake. Sasa namshika mabega asianguke.

Ulipokuwa mdogo ulinichosha kwa maswali. Tunapepeta wimbi, wewe unauliza kwa nini kuku hakojoi. Nikakugonga mwiko, nikasema tumbo lako limejaa maswali badala ya uji. Ukauliza mwiko umetoka mti gani. Yale maswali yalikwenda wapi? Mtu anahara tangu tunapalilia mahindi mpaka tumevuna, wewe hukuuliza kwa nini. Mimi niliuliza.

Daktari kule Tororo, nilikompeleka, naye aliuliza. Ameanza lini, damu ipo? Wandera akatazama sakafu, akajibu ni siku mbili tu, na nafuu ipo. Suruali ameifunga kwa kamba, nafuu gani hiyo? Daktari akaanza kuandika dawa za siku mbili. Lakini usimcheke mumeo. Ilikuwa adabu. Utatajaje habari za choo chako na mama wa mkeo yuko ubavuni? Na kutoka siwezi, nikimwachia anadondoka.

Nikampa mgongo, nikajifunika leso mpaka usoni, mkono mmoja bado umemshika.

"Baba Taaka," nikamwita kwa jina la mtoto wenu, "leo mimi si mkweo. Mimi ni ukuta. Sema."

Akasema, Nabwire, akasema yote. Kwamba ni maji matupu, hayana damu, mchana na usiku. Kwamba kule mashimoni wanakunywa maji ya bwawa wanaponywea ndama. Kwamba zile ARV ulizokuwa ukimkumbusha aliziacha, wenzake wasimwone akimeza, akawa ananunua vidonge vya kuhara mpakani, leo vyekundu, kesho vyeupe. Daktari akakata alichoandika. Akataka damu ipimwe kinga imebaki kiasi gani, na choo kipimwe kwa rangi ya pekee, maana kuna mdudu ambaye kipimo cha kawaida hakimwoni.

Kikopo cha choo nilikibeba mimi. Maabara nikakataa kuondoka mpaka binti wa pale akaniruhusu nichungulie kwenye ile mashine yao ya kukuzia vidudu. Kumbe! Vidoa vyekundu, viduara, kama punje za wimbi zilizomwagika juu ya kitambaa cha buluu. Nikauliza kama wana macho, na wanakula nini. Akacheka, lakini akanieleza. Mwenye kinga humshinda mdudu huyo mwenyewe. Wandera kinga imekwisha, kwa hiyo dawa yake kubwa ni ARV zenyewe, na kurudishiwa maji mwilini. Ungekuwepo, tungemchosha binti huyo kwa maswali sisi wawili.

Bado hajapona. Uji anakunywa nusu kikombe. Jina lako halitaji mbele yangu, lakini boda ikisimama njiani anainua kichwa.

Kwa hiyo rudi. Ukishuka Busia pitia kliniki kwanza, nawe upimwe tena, ndipo uje. Hapa maji ya kunywa yanachemshwa, hata yakionekana safi. Na daktari anataka choo kingine. Kikopo hicho utakibeba wewe.

Mimi mama yako, ukuta wa Wandera.