Udongo Mweupe wa Korbesa

Mjukuu wangu Halima,

Salaam aleikum. Huku Korbesa tuko salama. Nyanya yako anakusalimu, na ngamia wako mwekundu amezaa jike.

Umeniuliza kama ni kweli ramani mnayosomea chuoni inavyosema, kwamba uwanda wetu mweupe haufai kitu. Swali lako limenikasirisha, kwa sababu nilikuwepo wapimaji wa ramani hiyo walipokuja.

Nilikuwa kijana, nikiwachimbia wapimaji mashimo. Mkubwa wao alilinganisha kila udongo na rangi za kitabu chake, akaandika mvua, akaandika mteremko. Udongo mwekundu aliusifu, na mweusi wa kando ya mto akausifu zaidi. Tulipofika kwenye mweupe, akaupiga teke. "Chumvi tupu. Hapa mahindi hayawezi kuota."

Nikamwambia ngamia hutembea siku tatu kuja kuulamba, na wakiukosa maziwa hupungua. Nikauonja mbele yake, kama baba alivyonifundisha kuupima. Wakacheka wote. Hakuna aliyeandika neno langu.

Nani alimwambia tunataka mahindi? Alipima kila kitu ila ulimi wa ngamia.

Sasa kuna watu wamekuja na karatasi ile ile ya wapimaji, wanataka kuuzungushia ua uwanda wote, ati ni ardhi ya bure.

Nimekufungia donge moja kwenye kitambaa. Mpe mwalimu wako alipime, kisha alionje. Akicheka, mwambie wewe umelelewa kwa maziwa ya udongo huo.

Babu yako,
Guyo